Kidato cha Sabini na Tatu

Kutoka bombani hadi mlango wetu, hapa Kadutu,
kuna vidato mia moja na kumi na nane.
Nilivihesabu mwaka wa kwanza,
si kwa utulivu, kwa hasira,
bido ya lita ishirini ikinivuta bega
na kanuni za mihimili zikigongana kichwani
kama sufuria ndani ya gunia.

Mwaka wa pili nikaacha kuhesabu.
Nilipanda nikiwa sipo.
Miguu Kadutu, roho kwenye mtihani wa Jumanne,
au kwenye deni la minervali,
au kwa mama kule Walungu, anayeuza maharage
ili mimi niyale yakiwa herufi,
ukurasa kwa ukurasa.

Ansima, tunayegawana kitanda na mshumaa, alinicheka:
"Wewe unafika nyumbani kabla ya mwili wako.
Mwili ukija, unakuta umeshalala."

Halafu asubuhi moja ya Novemba,
mvua imechoka, ziwa huko chini
limejivuta ukungu mpaka puani,
nikakanyaga kidato cha sabini na tatu
nacho hakikuwepo.

Mvua ya usiku ilikuwa imekibeba,
kikaenda na udongo na kandambili ya mtu.
Bido ilitangulia, mimi nikafuata.
Maji ya saa mbili za foleni
yakateremka ngazi mbio, hayakuniaga.

Nilikaa palepale. Tope hadi kiunoni,
goti linachuruzika.
Na kwa mara ya kwanza tangu masomo yafunguliwe
nilikuwa mahali nilipokuwa.

Kinu kilitwanga sombe nyumba ya pili.
Mtoto alikataa kuoga, kwa sauti ya mbunge.
Nikaona kwamba vidato havilingani hata kidogo:
kila kimoja na mkono uliokifinyanga,
hapa mwiko ulioteleza,
hapa alama ya kidole gumba, kidogo mno,
kilichobonyeza saruji mbichi labda kabla sijazaliwa.
Miaka miwili nasomea ujenzi
na sikuwahi kutazama kinachonibeba.

Mama mmoja akapanda, maji mgongoni, kamba kwenye paji.
Hakusema pole.
Alifungua bido yake, akanimiminia, lita tano hivi,
bila kuniuliza mimi mtoto wa nani,
akaruka lile shimo, akaenda zake.

Jioni nikamweleza Ansima. Saruji? Hatukuwa na hata ya kuziba jino.
Byamungu wa chumba cha tatu, mtu wa sosiolojia,
akasema tuandike barua kwa mkuu wa mtaa.
Tukamwambia andika. Bado anaandika.

Sisi tukaokota chupa za plastiki zilizoziba mfereji,
tukazishindilia mchanga na majivu ya jiko,
tukazipanga, tukajipongeza.
Siku mbili tu: zikatoka moja moja,
zikabiringika hadi bombani mbele ya watu wote.

Tulicheka vibaya. Kisha tukanyamaza.
Ansima alichuchumaa mbele ya lile shimo
kama anayemsikiliza mgonjwa,
muda mrefu, hata nikaona aibu mbele ya wapita njia.
"Tumezilaza kama maiti," akasema.
"Tuzisimamishe. Zishikane kama watu kwenye lori."

Tukazisimamisha, shingo chini,
tukazifunga mpira wa tairi lililochakaa,
juu tukaweka ubao wa kitanda,
ule ambao Ansima alikuwa akiulalia kichwa.
Nilimwuliza utalala vipi.
Akasema: kwa usingizi.

Hakijanyooka, kidato chetu.
Ukikikanyaga kinalia, kri,
kama mtu aliyeitwa jina lake oditorini ghafla.
Jumanne nilipata kumi na moja juu ya ishirini.
Swali la mihimili nilikosea.

Ila sasa nahesabu tena, polepole,
sabini na moja, sabini na mbili,
kri,
na nyuma yangu namsikia mtu nisiyemjua,
mzigo wake mzito,
naye anapunguza mwendo.